Mwimbaji Arudipo Kwao

Katika mazungumzo yetu juu ya utamaduni wa taifa, liko neno moja ambalo hutumika mara nyingi kuliko linavyofikiriwa, nalo ni neno asili. Tunasema ngoma ya asili, vazi la asili, wimbo wa asili, kana kwamba kila mmoja wetu anajua asili ilianzia wapi na itakomea wapi. Mwimbaji aliyekulia ugenini anaporudi katika nchi ya wazee wake, neno hili humngojea mlangoni, limwulize amekuja na nini. Akija na ngoma ya babu zake hupokewa kwa vigelegele. Akija na sanaa aliyojifunza huko alikokulia, huambiwa kwamba amepotea.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo la mlangoni. Je, ni swali la haki? Je, nchi ya wazee wa mwimbaji ndiyo kwao kwa sanaa yake? Nitalijibu kwa kutazama sanaa ya ghazali, ambayo imesafiri katika nchi nyingi kabla ya mwangwi wake kufika katika pwani yetu, na kwa kutazama maisha ya Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilivuka bahari na kurudi. Lakini kwanza yanipasa kueleza habari za msichana mmoja asiyejulikana, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomhukumu.

Mashindano ya Katumba Songwe

Katika miaka ya tisini, nikiwa karani mdogo katika utumishi wa serikali, niliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mashindano ya nyimbo na ngoma yaliyofanyika Katumba Songwe, katika Wilaya ya Kyela. Anayeifahamu sehemu hiyo anajua kwamba ni nchi tambarare ya mpunga, migomba na kakao, karibu na Mto Songwe unaotutenga na Malawi, wala si mbali na ufuko wa Ziwa Nyasa. Wenyeji wake ni Wanyakyusa, na ng'ambo ya mto wako ndugu zao Wangonde. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, watu walikuwa na nafasi, na uwanja ulijaa tangu asubuhi.

Vikundi vilikuwa vingi. Kilikuja kikundi cha mapenenga, wachezaji wakiwa wamejipanga safu kama askari, wakivuma katika vibuyu vyao na kugeuka wote kwa pamoja kwa amri ya kiongozi. Ikaja kwaya, ikaimba kwa sauti nne nyimbo za Kinyakyusa zilizopangwa vizuri. Kisha akaitwa msichana wa umri wa miaka kumi na sita hivi, akaja peke yake, pamoja na mwenzake mmoja aliyebeba debe tupu la kupiga kwa vidole.

Habari zake zilijulikana na watu wote. Babu yake aliondoka Kyela akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga, akaoa mke wa kwao na kumpeleka huko. Baba yake alizaliwa huko, naye mwenyewe alizaliwa huko. Wazee walipofariki, bibi mtu akarudi katika shamba la ukoo, na mjukuu akarudi pamoja naye. Kurudi ndilo neno walilotumia watu, ingawa mtoto yule hakuwa amepata kuiona Kyela kabla ya siku hiyo ya kurudi.

Aliimba shairi la Kiswahili kwa mahadhi ya taarab. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ya kukaza. Alikuwa akiuvuta mshororo mpaka karibu ya kukatika, ndipo akaushusha katika kibwagizo. Uwanja ulinyamaza, nasi waamuzi hatukujua kama ukimya ule ni wa kusikiliza au wa kushangaa. Alipofika ubeti wa tatu, bibi yake aliinuka katikati ya watu, akaja polepole kwa mwendo wa madaha, akamtia mjukuu wake sarafu mkononi, akageuka na kurudi kukaa. Watu wakacheka. Mwamuzi mwenzangu akaandika katika karatasi yake kwamba nidhamu ya onyesho imevurugwa, nami nikaandika vivyo hivyo. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu akasema, "Mjukuu wetu huyu amerudi mwili tu, sauti ameiacha Tanga."

Mapenenga walipata nafasi ya kwanza, kwaya ikapata ya pili, na msichana yule akawa wa mwisho. Mimi ndiye niliyeandika taarifa. Katika nafasi ya sababu niliandika methali ambayo mwenyekiti wetu aliitamka alipokuwa akifunga mashindano: Mwacha asili ni mtumwa. Nilijiona nimeandika neno la hekima.

Ghazali na ushairi wetu

Yapata miaka kumi baadaye, katika kusoma kwangu mambo ya ushairi, nilianza kusoma juu ya ghazali. Nilikuwa nimelisikia neno hilo likitajwa na watu wa pwani, lakini sikujua kanuni zake. Nilipozijua, nikayakumbuka mashindano ya Katumba Songwe kwa namna ambayo haikunipendeza.

Ghazali ni utungo uliotoka kwa Waarabu, ukapevuka kwa Waajemi, ukafika India na kukaa katika lugha ya Kiurdu. Hafidh wa Shiraz, katika karne ya 14, ndiye aliyeipa sifa kubwa kwa Kiajemi. Mirza Ghalib wa Delhi, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufariki mwaka 1869, ni mmoja wa watunzi wake wakubwa kwa Kiurdu. Kila ubeti wa ghazali una mishororo miwili tu. Mishororo yote hufuata vipimo vya aina moja. Ubeti wa kwanza huweka sharti: mishororo yake yote miwili huishia kwa neno moja lile lile, na kabla ya neno hilo hutangulia kina. Katika beti zinazofuata, ni mshororo wa pili tu unaolazimika kutimiza sharti hilo. Kila ubeti hujitosheleza kwa maana, hata ukiweza kuutoa peke yake na kuutumia kama methali. Na katika ubeti wa mwisho mtunzi hulitaja jina lake la kishairi.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili akiyasoma hayo ataona mambo anayoyajua na mambo asiyoyajua. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Kwa hiyo umbo si moja. Lakini neno linalorudi mwishoni mwa beti za ghazali linafanya kazi inayofanana na ya kibwagizo chetu: humfanya msikilizaji alitarajie, naye hufurahi kuona safari hii limefikiwa kwa njia gani. Na desturi ya mtunzi kulitaja jina lake mwishoni haiwezi kuwa ngeni kwa mtu aliyesoma tenzi na mashairi ya zamani, ambamo mtunzi hufunga kwa kujitaja yeye na mahali atokapo.

Lakini kufanana kukubwa zaidi hakumo katika karatasi, kumo katika barza. Ghazali inapoimbwa au kusomwa mbele ya wajuzi, wasikilizaji hawanyamazi. Mshororo wa kwanza ukisemwa, wao huudaka na kuurudia. Wa pili ukifika mahali pake, hupaza sauti za kusifu na kutaka urudiwe. Katika taarab, msikilizaji aliyeguswa na mshororo huinuka, hutembea taratibu mpaka kwa mwimbaji, na humtuza fedha. Huko kutuza si malipo tu. Ni tamko. Aliyetuza anasema mbele ya watu kwamba neno hilo limemfika, au kwamba anataka limfike mtu fulani aliyekaa pale. Ndipo wimbo wa mtu mmoja unapokuwa mazungumzo ya watu wengi.

Basi msomaji atanielewa nikisema kwamba niliposoma jambo hili nilikiweka kitabu chini. Yule bibi wa Katumba Songwe hakuvuruga onyesho. Alikuwa ndiye msikilizaji peke yake aliyeujua wajibu wake. Miaka yake mingi ya Tanga ilimfundisha mahali pa kuinuka, naye akainuka mahali pake hasa. Sisi tuliopewa kalamu na karatasi za kupimia sanaa hatukujua, tukamwondolea mjukuu wake alama kwa sababu bibi yake alijua.

Kutokana na hayo napenda kuweka kanuni moja, ambayo nitaipima katika sehemu zinazofuata. Kwao mwimbaji ni mahali ambapo msikilizaji anajua wapi pa kuitikia. Kaburi la babu linaweza kuwa hapo au lisiwe hapo.

Mfano wa Mehdi Hassan unaweza kutusaidia. Mwimbaji huyu wa ghazali alizaliwa mwaka 1927 katika kijiji cha Luna, katika Rajasthan. India ilipogawanyika mwaka 1947 yeye na jamaa zake walihamia Pakistan, na huko ndiko alikopata sifa zake. Baada ya miaka mingi alirudi India kuimba, akakizuru na kijiji chake. Alipokelewa kama mtu wa nyumbani, ijapokuwa alikuja na hati ya kusafiria ya nchi nyingine. Mpaka ulikuwa umechorwa kati yake na wasikilizaji wake, lakini masikio yalikuwa ni yale yale. Ama kwa msichana wetu mambo yalikuwa kinyume: hakukuwa na mpaka wowote kati ya Tanga na Kyela, ni nchi moja na lugha ya taifa moja, lakini masikio yetu ndiyo yaliyokuwa na mpaka.

Siti binti Saad na safari ya sauti

Sasa tumtazame mwimbaji ambaye jina lake linajulikana na kila mwanafunzi wa fasihi yetu. Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, wenye asili ya utumwa. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi na ya mama yake Uzigua, ingawa wao wenyewe walizaliwa Unguja. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba na Muhsin Ali, na jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, likachukua mahali pa jina la Mtumwa.

Hapa niombe ruhusa kuirudia ile methali niliyoiandika katika taarifa yangu. Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ina busara yake inapomwonya mtu anayeona haya kuitwa kwa jina la ukoo wake. Lakini tukiitamka mbele ya Siti, inageuka na kutuuma sisi. Yeye hakuiacha asili yake hata akawa mtumwa. Wazee wake walifanywa watumwa, na kwa sababu hiyo asili yao ikakatwa. Lugha ya Kinyamwezi na nyimbo za Kizigua hazikumfikia kama urithi mkamilifu, kwa kuwa wale ambao wangemrithisha walichukuliwa au walizaliwa mbali na kwao. Angerudi wapi? Kumtaka mtu wa namna hiyo aimbe vya asili tu ni kumdai mali aliyoibiwa babu yake.

Alichofanya Siti ni kuchukua kilichokuwapo na kukifanya chake. Taarab ya Unguja wakati huo ilikuwa sanaa ya jumba la Sultani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hata mwaka 1888, ndiye aliyeipenda na kuitia nguvu kwa kufuata mfano wa Misri. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, nacho kiliimba kwa Kiarabu. Siti na wenzake, miongoni mwao Subeti Ambar mpiga udi na Mbaruk Talsam mpiga fidla, waliiimba kwa Kiswahili, wakaipeleka katika nyumba za Ng'ambo walimokaa wapishi, wachukuzi, mafundi na wafinyanzi. Wakayaimba mambo ya mapenzi, lakini wakayaimba pia mambo ya mahakama, ya rushwa na ya jeuri ya wenye nguvu. Wimbo wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitoroka, nao wanawake walioshuhudia ndio walioadhibiwa. Wimbo huo haukuundwa kwa ajili ya kumstarehesha Sultani.

Waliomwonea wivu walimsimanga hadharani kwa asili yake ya shamba, kwa ufukara na kwa sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo, maana yake kwamba uzuri wa sura si hoja, bali hoja ni akili na tabia ya mtu. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi ushairi wa majibizano unavyofanya kazi, hana haja ya kwenda mbali.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay kuimba kwa ajili ya santuri za kampuni ya His Master's Voice. Jambo hili limesimuliwa mara nyingi kama sifa, nalo ni sifa kweli, lakini nadhani halijatazamwa vya kutosha kwa jicho la uhakiki. Bombay ulikuwa mji ambao ghazali ilikuwa imekaa. Biashara ya santuri katika India ilikuwa imeanza mwaka 1902, na mmoja wa waimbaji wake wa kwanza alikuwa Gauhar Jaan, mwanamke wa asili ya Kiarmenia aliyekuwa bingwa wa nyimbo za India na aliyeimba kwa lugha nyingi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimaliza wimbo hutamka jina lake katika chombo, ili mafundi wa mbali wasikosee kubandika karatasi ya jina. Mwenye kuijua ghazali atakumbuka mtunzi anayejitaja katika ubeti wa mwisho. Naye Gauhar Jaan, ukimwuliza swali letu la mlangoni, atajibu nini? Asili ya babu zake ilikuwa Armenia. Kwao kwa sanaa yake kulikuwa India, nako hakuna aliyemdai aimbe vya Kiarmenia.

Katika mji kama huo mtu mdogo angevutwa kuiga. Siti aliimba Kiswahili. Alisimama mbele ya chombo, mbali na wasikilizaji wake wote, pasipo hata mtu mmoja wa kuinuka na kumtuza, akaimba kana kwamba barza nzima ya Ng'ambo imekaa mbele yake. Kisha santuri zile zikapakiwa melini, zikarudi na kuuzwa katika Afrika Mashariki. Watu wa pwani na wa bara waliokuwa wamezoea kusikia santuri za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu wakaisikia lugha yao ikitoka ndani ya sanduku.

Huko ndiko kurudi kwa Siti katika nchi ya wazee wake. Simaanishi safari ya mguu. Namaanisha kwamba sauti ya mtoto wa mtu wa asili ya Unyamwezi na mtu wa asili ya Uzigua iliingia bara kwa lugha ambayo watu wa Tabora na watu wa Handeni waliweza kuisikia kila mmoja bila mkalimani. Lau angeimba kwa Kinyamwezi tu, angerudi kwa baba yake. Lau angeimba kwa Kizigua tu, angerudi kwa mama yake. Kwa kuimba Kiswahili alirudi kwao wote wawili, na alifika hata kwa sisi ambao hatukuwa na undugu naye.

Si ajabu, basi, kwamba aliyeandika wasifu wake alikuwa Shaaban Robert. Yeye naye alizaliwa karibu na Tanga, mwaka 1909, naye asili ya wazee wake ilikuwa Uyao. Naye alikuwa mtumishi wa serikali aliyetunga mashairi baada ya saa za kazi. Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu cha mtu anayemtambua mwenzake. Wote wawili asili za wazee wao zilikuwa bara, wote wawili walizaliwa pwani, na wote wawili walijenga kwao katika lugha. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert mwaka 1962. Hata chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti, nacho hakikuuliza kama wanachama wake wote ni watu wa Fumba.

Jibu kwa wenye shaka

Msomaji wa Kyela, au wa mahali popote mbali na pwani, anaweza kuniambia: "Hayo ni ya Waswahili wa pwani. Taarab imetoka kwa Waarabu, ghazali imetoka kwa Wahindi, na wewe unatuletea ng'ambo ya bahari katika Ziwa Nyasa." Hoja hii ni ya heshima, na haifai kujibiwa kwa dharau. Naijibu kwa kurudi katika uwanja ule ule wa Katumba Songwe, niwatazame upya wale tuliowapa ushindi.

Mapenenga walipata nafasi ya kwanza kwa sababu tuliona kwamba wanacheza ngoma ya asili. Lakini zile safu, zile amri, na ile sauti ya vibuyu inayoiga tarumbeta zimetoka wapi? Ngoma za jamii hii, ambazo sehemu nyingine za Ziwa Nyasa huitwa mganda au malipenga, zilikua kwa kuiga bendi na gwaride za majeshi ya wakoloni, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, katika miji ya pwani, vijana walikuwa wameanza ngoma ya beni kwa kuiga bendi hizo hizo, wakajigawa katika vyama vya Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wakaieneza bara wakati wa vita. Kwa hiyo tuliyemsifu kwa asili alikuwa na nasaba ya kambi ya jeshi, na mmoja wa jamaa zake ni mtu wa pwani.

Na kwaya iliyopata nafasi ya pili? Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, wakaja na tuni za Ujerumani. Wazee wetu walizitia maneno ya Kinyakyusa, wakazitia na uzito wao wenyewe wa sauti, mpaka leo ukizisikia jioni katika matanga huwezi kuniambia kwamba si zetu. Nami nasema ni zetu kweli, kama mapenenga walivyo wetu kweli. Sikusudii kuwanyang'anya ushindi wao. Nasema tu kwamba tuliwapimia hao kwa kibaba kimoja, na yule msichana tukampimia kwa kingine. Mikopo ya zamani tuliiita asili, na mkopo ambao hatukuuzoea tukauita upotevu.

Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba mwaka 1962, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua ngoma za Kizungu na za Amerika ya Kusini kuliko tulivyojua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Maneno hayo hukumbukwa sana, na hutumiwa aghalabu kufungia milango. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine si taifa lenye akili, ila kujifunza kusitufanye tuviache vya kwetu. Tena tuitazame orodha yake: lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani, nayo imo pamoja na ngoma za bara, ikihesabiwa kuwa ni mali ya Watanganyika wote. Kama Mnyakyusa anaweza kuambiwa kwamba lelemama ni yake, basi hapana sababu ya taarab kuwa haramu kwake.

Hata hivyo, lazima niseme na upande wa pili, ili wanafunzi wasidhani kwamba natetea kila kitu kinachokuja. Ziko nyimbo zinazokopwa bila kazi. Mwimbaji huchukua mahadhi ya watu wengine, akayabandika maneno yasiyo na vina wala maana, akatumaini kwamba ugeni utamfichia uvivu. Huo si mkopo, ni wizi usio na faida hata kwa mwizi. Mkopo wa haki hujulikana kwa kazi iliyofanywa juu yake. Siti aliipokea sanaa ya Kiarabu, akaibadili lugha, akaibadili barza, akaibadili na habari inayosimuliwa. Waliounda mapenenga walipokea tarumbeta, wakaifanya kibuyu. Hao walilipa deni lao.

Kwa mwalimu atakayekaa katika kiti cha mwamuzi, kama nilivyokaa mimi, napendekeza maswali matatu badala ya lile moja la mlangoni. La kwanza: mwimbaji huyu ameifanyia kazi gani sanaa aliyoipokea? Hapo tazama mizani, vina, matamshi na pumzi. La pili: maneno yake yanasema jambo gani la kweli juu ya maisha anayoyajua? La tatu: ni nani katika wasikilizaji anayejua mahali pa kuitikia, nasi waamuzi tumejifunza kwake? Swali hili la tatu ndilo gumu, kwa sababu linamtaka mwamuzi akubali kufundishwa na bibi kizee aliyekaa chini kwenye majani.

Yule msichana sikumwona tena. Nilisikia kwamba aliolewa ng'ambo ya Songwe, na sikusikia kwamba aliimba tena hadharani. Bibi yake alifariki kabla sijapata elimu ya kumwomba radhi. Taarifa niliyoiandika imo katika jalada fulani, ikiwa mchwa hawakuimaliza, na ndani yake iko methali ile kwa mwandiko wangu. Siwezi kuifuta. Ninachoweza ni kuandika hapa, mahali ambapo walimu na wanafunzi watasoma, kwamba hukumu ile ilikuwa na kosa. Mtoto yule alirudi kwao akiwa na mwili na sauti pia. Alimpata msikilizaji mmoja kamili, akatuzwa sarafu moja, na kwa kanuni za sanaa aliyoiimba hilo lilikuwa tamko tosha. Sisi ndio tuliokuwa wageni siku ile, tena wageni tuliokalia viti vya wenyeji.